Je, Mungu Ana Timu?

Swali la insha hii lilinijia uwanjani, si darasani. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilikuwa kipa wa timu ya bweni letu. Fainali iliamuliwa kwa mikwaju ya penalti, nami nikaudaka mkwaju wa mwisho. Nilipiga magoti, nikainua mikono, nikapaza sauti kwamba Mungu ametupigania. Aliyeupiga mkwaju ule alikuwa rafiki yangu. Kila Jumapili tulikuwa tukiimba katika kwaya moja. Jioni alinijia akaniuliza, bila hasira: "Ndugu yangu, kama wewe Mungu alikupigania, mimi alinipiga?" Sikuwa na jibu.

Katika kulitafuta jibu hilo, mfano ulionisaidia ulitoka mbali, katika besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Mchezo huo si mgeni kabisa kwetu Uganda: mwaka 2012 watoto wa Uganda walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania. Kwa upande wa vyuo vikuu, kila mwaka msimu wa kawaida unapokwisha, timu 64 huingia katika mashindano ya mtoano. Hugawanywa katika makundi 16 ya timu nne nne, na timu hutolewa ikishindwa mara mbili. Washindi 16 hukutana wawili wawili, na mwenye kushinda michezo miwili kati ya mitatu husonga mbele. Nane wanaobaki huenda Omaha, Nebraska, mji ambao umekuwa mwenyeji wa hatua hiyo tangu 1950.

Mwaka 2023, miongoni mwa hao wanane kulikuwa na vyuo vyenye asili ya Kikristo, na viwili kati yake vinatuhusu hapa. Kimoja ni Oral Roberts cha Tulsa, kilichoanzishwa mwaka 1963 na mhubiri mwenye jina hilo. Kingine ni TCU cha Fort Worth, ambacho neno "Kikristo" limo ndani ya jina lake. Oral Roberts walikuwa wameanza mashindano wakiwa wamepangwa wa nne, yaani wa mwisho, katika kundi lao. Vyuo hivi vilikutana mchezo wa kwanza kabisa. TCU waliongoza 5 kwa 2 hadi awamu ya tisa, ya mwisho. Hapo Oral Roberts wakapata alama nne, wakashinda 6 kwa 5. Muumini yeyote aliyekuwa upande wao angeweza kusema kwamba ule ulikuwa mkono wa Mungu. Lakini siku nne baadaye timu hizo zilikutana tena, TCU wakashinda 6 kwa 1, na Oral Roberts wakarudi nyumbani.

Tukisema Mungu aliamua mchezo wa kwanza, lazima tueleze alichokiamua katika mchezo wa pili. Je, katika siku nne imani ya Oral Roberts ilipungua na ya TCU ikaongezeka? Hakuna mwenye akili timamu atakayedai hivyo. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Nahofia kwamba mara nyingi maombi yetu ya ushindi ni ngoma ya namna hiyo: tunamvuta Mungu upande wetu, kisha tunaita kule kuvuta imani.

Wapo wanaojibu kwamba Mungu hashughuliki na michezo kabisa. Jibu hili ni jepesi, nami nalikataa. Kijana anayeamka alfajiri miaka kumi kwa ajili ya mchezo wake ameweka humo sehemu kubwa ya maisha yake. Mungu anayemjali kanisani lakini akamwacha kwenye lango la uwanja ni Mungu mdogo kuliko yule ninayemwamini.

Wengine husema maombi hayabadili matokeo, humbadili anayeomba: humtuliza, humwondolea woga. Hapa pana ukweli, lakini haujatosha. Kupumua polepole nako hutuliza. Kama hilo ndilo faida pekee ya sala, basi Mungu amegeuzwa dawa ya kutuliza mishipa, na muumini anayejiheshimu hawezi kuridhika nalo.

Mimi naona tutazame upande wa walioshindwa. Katika zile timu 64, 63 humaliza mwaka wao kwa kushindwa. Imani iliyo na maneno ya mshindi peke yake ina neno kwa timu moja, na 63 haina la kuwaambia. Rafiki yangu alikuwa katika hao 63. Mimi, kwa kelele zangu za shukrani, nilimwondolea Mungu wake saa ile ile aliyomhitaji zaidi. Hilo ndilo kosa langu. Sikukosea kushukuru; nilikosea kushukuru kwa namna iliyomfanya mwenzangu aonekane amekataliwa.

Mwanariadha Eric Liddell wa Uskoti anatuonyesha njia nyingine. Katika Olimpiki ya Paris ya 1924 hakukimbia mita 100, kwa sababu mchujo wake uliangukia Jumapili. Akakimbia mita 400, akapata dhahabu. Wahubiri hupenda kuishia kwenye dhahabu hiyo, kana kwamba ilikuwa malipo. Kwangu mimi jambo kubwa ni kwamba alikwisha kuamua kabla ya kujua matokeo. Hata angekuwa wa mwisho, uamuzi wake usingepungua thamani. Imani yake ilikaa katika alichokuwa tayari kukikosa, wala haikungoja ubao wa matokeo.

Kutokana na hayo nimejiwekea kipimo: niombe uwanjani lile tu ninaloweza kuliomba kwa sauti mpinzani wangu akiwa amenishika mkono. Naweza kuomba tusiumizane. Naweza kuomba nicheze kwa uwezo wangu wote na nisidanganye mwamuzi asiponiona. Naweza kuomba nguvu ya kukubali matokeo, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Siwezi kuomba mguu wake uteleze.

Mtu atanipinga: mbona mkulima huomba mvua hali jirani yake mfyatua matofali anaomba jua? Kweli, maisha yamejaa maombi yanayogongana, na siwezi kumzuia mtu kumweleza Mungu haja ya moyo wake. Mpira unapowekwa penye alama ya penalti, hata leo moyo wangu huomba niudake. Sidhani Mungu hukasirika. Lakini kuomba ni jambo moja, na kudai baada ya mchezo kwamba najua Mungu alikuwa upande gani ni jambo lingine. La kwanza ni la mtoto kwa baba yake. La pili ni kiburi.

Mwaka uliofuata tulikutana tena na timu ile. Rafiki yangu na mimi tuliomba pamoja katikati ya uwanja, kisha kila mmoja akaenda upande wake. Walitufunga mabao mawili, la pili likiwa lake. Alipokuja kuniinua kutoka chini hakusema lolote kuhusu Mungu, nami nilimshukuru kwa hilo.