Shabaha na Windo

Wenzetu walimu watatustahimilia tukianza na neno. Kuwinda, kwa jinsi tulivyofundishwa, ni kufuata nyayo, kupima upepo, kunyata, na mara nyingi kurudi mikono mitupu. Je, yule alalaye kifudifudi mlimani huko Marekani na kumfyatulia ayala risasi kwa umbali wa mita 900, naye anawinda?

Risasi yake hukaa hewani zaidi ya sekunde moja. Katika muda huo mnyama aweza kupiga hatua, na iliyokusudiwa moyo ikapasua tumbo. Hapo ndipo penye shina la shauri: darubini hupima umbali, haipimi nia ya mnyama. Akikimbia na jeraha, ni nani atakayevuka bonde zima kufuata matone ya damu?

Chama cha Boone and Crockett, alichokianzisha Theodore Roosevelt na wenzake mwaka 1887, kinadai mnyama apewe nafasi ya haki ya kuponyoka. (Roosevelt huyo huyo na mwanawe waliua wanyama wakubwa zaidi ya 500 katika safari ya 1909–1910, iliyopita Uganda yetu.) Wako wanaojibu kwamba hata mkuki ulikuwa ufundi mpya zama zake, na kwamba bunduki hodari huua upesi. Jawabu hilo lina uzito. Lakini mwenye mkuki alipokosea alikuwa karibu. Aliliona kosa lake kwa macho, akalazimika kulimaliza. Huyu wa mita 900 hata mlio wa mnyama hausikii.