Haki ya Mke Aliyetolewa Kizazi

Tunamshukuru Mwenyiezi Mungu aliyeyaleta maradhi na akaleta na dawa yake, na tunamwomba ampe rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha alinijia mtu katika jirani zetu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaketi barazani mpaka watu wakatawanyika. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, mke wangu ametolewa kizazi. Leo ni siku ya tisa tangu kurudi nyumbani. Nataka kujua: damu aionayo ni hedhi? Na sala yake ataisalije?" Nikamjibu kama yalivyo vitabuni, akashukuru akaenda zake. Nilipoingia ndani, mke wangu, aliyekuwa nyuma ya pazia, akaniambia, "Bwana, umemjibu habari za damu, na mwenye damu hukumwuliza. Ni nani amtekeaye maji?" Sikuwa na jawabu.

Asubuhi yake nikenda kwa mtu yule. Tulipokuwa twanywa kahawa nikasikia mchi watwanga uani. Nikamwuliza, "Nani atwangaye?" Akasema, "Ni yeye, Maalim. Alhamdulillahi, amekwisha simama." Hapo nikajua kuwa kosa lilikuwa langu kabla ya kuwa lake, kwani aliniuliza nami nikampa nusu ya jawabu. Waraka huu ndio nusu iliyobaki.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Mwanamke wa umri mkubwa hutolewa kizazi kwa sababu nyingi: pengine kizazi kimeteremka kwa ajili ya uzazi mwingi na kazi nzito, pengine mna uvimbe, pengine imeonekana saratani ya kizazi au ya mlango wake. Na wanawake wangapi huona damu baada ya kukoma hedhi kwa miaka, wakaificha kwa haya, na damu hiyo ni ishara ambayo haifai kukawizwa hata kidogo! Mwenye kuiona na aende kwa tabibu upesi. Na mume asimzuie kwa kusema kuwa ni aibu. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na Mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawapa habari kuwa hakuna maradhi illa Mungu ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Akipatikana tabibu mwanamke, huyo ndiye wa kutangulizwa. Asipopatikana, yajuzu mwanamume kwa dharura, na awepo mtu wake au mwanamke mwaminifu pamoja naye. Roho ya Mwislamu haiachwi ipotee kwa kukosa tabibu wa kike.

Ama hukumu ya damu, ni hii. Hedhi katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i ni damu itokayo ndani ya kizazi kwa desturi ya maumbile. Aliyetolewa kizazi chote hana hedhi tena. Damu aionayo katika siku za kupona ni ya jeraha, wala haimwondolei sala wala saumu, wala haimlazimishi kukoga. Na kwa kuwa yatoka katika njia ya mbele yavunja udhu. Basi ikiwa yaendelea afanye kama afanyavyo mwenye istihadha: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atawadhe kila faradhi baada ya kuingia wakati wake, kisha asali. Jeraha la tumbo haliko katika viungo vya udhu, kwa hiyo udhu wake ni udhu wa kawaida. Na sala zilizompita alipokuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kuzilipa ndiyo salama zaidi.

Akiweza kusimama na hawezi kuinama, na asimame na rukuu na sijida aziashirie. Asipoweza kusimama na aketi. Asipoweza kuketi na alale ubavu. Hivyo ndivyo Mtume alivyomfundisha Imran bin Husayn, naye alikuwa na maradhi ya bawasiri. Sala hiyo ni kamili, wala hairudiwi. Na Ramadhani ikimkuta hajapona, na ale, kisha alipe siku zake atakapopata nguvu. Kutoa kibaba badala ya kufunga ni kwa asiyetarajiwa kupona, naye huyu yu katika kupona.

Na mwenye kukoma hedhi, akiachwa, eda yake ni miezi 3, kama ilivyokuja katika Sura ya Talaka. Na akifiwa na mume ni miezi 4 na siku 10, kizazi kiwepo kisiwepo. Msidanganywe na wasemao kuwa asiye na kizazi hana eda. Ama aliyetolewa kizazi kabla ya kukoma hedhi, mas'ala yake yana maneno marefu, na amwendee mwanachuoni.

Haya ndiyo niliyomjibu jirani yangu. Sasa sikilizeni nisiyomjibu.

Matabibu wanatwambia kuwa jeraha la nje hufunga upesi, na la ndani hukawia. Yule amtazamaye mkewe akiona mshono umekauka akadhani amepona, amedanganyika. Kupona kwake huchukua wiki 6 mpaka 8, na nguvu zake zote pengine hazirudi ila baada ya miezi. Katika muda huo asibebe ndoo ya maji, asitwange, asiinamie dobi, asimnyanyue mjukuu. Atembee ndani ya nyumba na uani tangu siku za mwanzo, kidogo kidogo, kwani kulala moja kwa moja huweza kugandisha damu miguuni. Anywe maji, ale matunda na mboga, choo kisiwe kigumu, kwani kujikamua kwamdhuru. Na asikandwe tumbo kwa maji ya moto wala asifungwe mkaja kama mzazi, ila tabibu akiruhusu; hilo la mkaja ni desturi ya mwenye kuzaa, na huyu hakuzaa, amekatwa. Akishikwa na homa, au damu ikazidi, au uchafu ukanuka, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, au pumzi zikambana, arudishwe spitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Na wewe mume usimkaribie mpaka zipite wiki 6 kwa uchache, na tabibu amtazame na atoe ruhusa. Akikukataa katika muda huo hawi nashiza, kwani ana udhuru, na nafaka yake haipungui hata pishi moja. Baada ya hapo tendo la ndoa halikuharamishwa wala halikuondoka. Walakini mwili wa mwanamke mzima huwa mkavu, na huyu huenda akazidi, akaona maumivu na akanyamaza kwa haya. Basi enda naye kwa upole, ukamwulize, na mkamwulize tabibu, kwani dawa ya kulainisha ipo. Haya ya kheri ni ile izuiayo dhambi, si ile izuiayo dawa.

Mtu atasema, "Maalim, na kazi za nyumba nani atazifanya?" Nami namwambia: na fungua Minhaji ya Imam Nawawi, katika mlango wa nafaka, kitabu tulichosomeshwa sisi na waliotutangulia. Utakuta humo kuwa mke ambaye kwa desturi hujitumikia mwenyewe, akihitaji kutumikiwa kwa ajili ya ugonjwa, ni wajibu wa mumewe kumpatia wa kumtumikia. Ni wajibu, si hisani! Ni kweli kuwa fakihi hao hao hawakumlazimisha mume ujira wa tabibu wala thamani ya dawa, na wako wanaume wasioijua fikihi yote ila neno hilo moja. Lakini Mungu ametuamrisha kukaa nao kwa wema, na ni wema gani wa mtu aliyekula mkono wa mwanamke miaka 30, akamwachia nduguze walipe dawa? Basi mwenye uwezo na aajiri mtu. Asiye na uwezo na amwite binti yake au mkwewe. Na asiye na binti wala mkwe na ashike ndoo yeye mwenyewe. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na sala ikifika hutoka akaenda kusali. Ikiwa yeye hakuona haya, wewe waona haya ya nani?

Na mkumbukeni Sayyidna Uthman. Katika Ramadhani ya mwaka wa 2 wa Hijra, ndio 624, Waislamu walitoka kwenda Badr, na mkewe Bibi Ruqayya, binti ya Mtume, alikuwa mgonjwa. Mtume akamwamrisha abaki Madina amwuguze. Bibi Ruqayya akafa katika ugonjwa ule, na habari ya ushindi ikafika Madina na watu wako katika kumzika. Mtume akampa Uthman fungu lake katika ngawira na akamhisabu na ujira wake kama aliyehudhuria. Tazameni, ndugu zangu: siku ile iliyo bora katika siku za vita vya Uislamu, mtu mmoja alikaa kando ya kitanda cha mkewe, na akaandikwa miongoni mwa watu wa Badr. Basi nani kati yetu aliye na shughuli kubwa kuliko Badr, sokoni au chomboni, hata asiweze kukaa na mkewe siku 40?

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo zito. Mwanamke huyu, hata kama amekwisha kuzaa na kukoma, huenda akalia bila ya sababu uionayo. Huenda akapata joto la ghafula usiku, akakosa usingizi, akajiona kama nyumba iliyotolewa mlango. Na majirani humwongezea kwa maneno yao, kuwa hakuwa mwanamke tena. Haya ni maneno ya ujinga. Bibi Aisha hakuzaa, naye ni Mama wa Waumini. Mke wa Nabii Zakariya alikaa tasa mpaka uzeeni, na Zakariya hakumwacha. Alimwomba Mola wake. Ndoa katika Kurani imetajwa kwa utulivu, na mapenzi, na huruma, na hivi vitatu havikai katika kizazi hata vitolewe pamoja nacho.

Ama talaka kwa sababu hii, sisemi kuwa haipiti. Yapita, na mwenye kuitoa atajibu mbele ya Mungu. Lakini ajiulize: lau ingalikuwa ni yeye aliyekatwa, na mkewe akamwambia, "Sina haja nawe tena," angalilala namna gani usiku ule?

Jirani yangu nilimweleza haya pale pale barazani, kahawa ikapoa. Hakusema neno. Aliinuka akaingia ndani, na mchi ukanyamaza.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, utupe nyoyo za huruma kwa wale uliotupa amana yao, na utusamehe majawabu tuliyoyatoa nusu. Amin.