Manowari Juu ya Meza

Wako watu katika Uingereza, Marekani, Japani na nchi nyingine ambao, kazi ya mchana ikiisha, huketi mezani chini ya taa na kuunda manowari. Si manowari ya kupigana, bali ni mfano wake, uliofanywa kwa plastiki, na kila kilichokuwamo katika meli yenyewe kimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Wengine hupenda mifano midogo itoshayo kiganjani. Wengine huchagua mikubwa, ambayo urefu wake hupita kimo cha mtoto wa miaka saba, na kazi hiyo huchukua miezi mingi, pengine miaka. Msomaji atasema, Huo ni mchezo wa watu wasio na shamba la kulima. Lakini sisi twaona kwamba ndani ya mchezo huo mna swali lituhusulo sote: Je, ni haki mtu kutumia subira yake na ustadi wa mikono yake kukipamba chombo kilichoundwa ili kuua watu?

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana si vema kuhukumu tusilolijua. Na tutwae manowari moja ya Waingereza iliyoitwa Hood. Ilishushwa majini huko Clydebank, katika nchi ya Uskoti, mwaka 1918. Urefu wake ulikuwa meta 262, na mizinga yake mikubwa ilikuwa minane. Watu wa pwani yetu waliiona kwa macho, kwa kuwa mwezi wa Januari 1924 ilitia nanga Unguja pamoja na meli nyingine, zikiwa katika safari ya kuizunguka dunia. Ukiipunguza mara mia mbili, wapata mfano wenye urefu wa meta moja na sentimeta 31.

Mfano huo huja sandukuni katika mamia ya vipande, vimeshikamana na vijiti vya plastiki kama matunda machanga katika vikonyo vyake. Fundi hukata kimoja kimoja kwa kisu kidogo, hukisugua kwa msasa hata alama ya kijiti itoweke, ndipo hukitia gundi. Gundi ikizidi, huyeyusha plastiki, na kazi ya siku nzima imeharibika. Vizuizi vya ukingoni, ambavyo mabaharia hushika wasianguke baharini, hufanywa kwa shaba nyembamba kama karatasi, naye huvikunja kwa koleo ndogo huku ameizuia pumzi yake. Kamba za mlingoti hupatikana kwa kukipasha moto kijiti cha plastiki juu ya mshumaa na kukivuta polepole, hata kiwe uzi mwembamba kama unywele. Sitaha ya Hood ilikuwa ya mbao za msaji. Basi naye huipaka rangi ubao kwa ubao, ili kila mmoja utofautiane kidogo na mwenziwe. Wala si kazi ya mikono peke yake. Meli ile haikuwa na sura moja siku zote, maana mizinga yake midogo ilibadilishwa hata kufikia mwaka 1940. Kwa hiyo fundi hana budi kuchagua mwaka anaoufuata, na kuzichungua picha za zamani, asije akachanganya mambo ya 1924 na ya 1941.

Katika hayo yako mambo ya kusifiwa. La kwanza ni subira. La pili ni uaminifu, kwa maana wako mafundi ambao humaliza vizuri hata sehemu zitakazofunikwa, zisionwe tena na jicho la mtu ye yote. Ukiwauliza sababu, hujibu kwamba wao wenyewe wanajua zipo. Jibu hilo lafaa kusikiwa na kila mwashi atiaye matofali mabovu mahali patakapofichwa na lipu, na kila mwalimu asahihishaye madaftari pasipo kuyasoma.

Sasa turudi kwenye swali letu. Watu hulijibu kwa njia mbili. Wengine husema kwamba silaha ni silaha, na aipambaye amekipamba kifo. Wengine husema kwamba hiyo ni plastiki tu, haina baruti, haimdhuru mtu. Sisi twaona kwamba kila mmoja ameshika upande wa ukweli na kuuacha mwingine. Wa kwanza amesahau kwamba mambo makuu yaliyopita hayakumbukwi bila kitu cha kuyakumbushia. Wa pili amesahau kwamba jicho huufundisha moyo, na mtu atazamaye kitu kila siku kwa kupendezwa, mwisho hukipenda chenyewe.

Siku moja tulimtembelea rafiki yetu aliyekuwa amemaliza mfano wa namna hiyo. Tuliusifu sana. Mwanawe mdogo aliinama akauchungulia toka omo hata tezi, kisha akauliza, "Baba, watu wako wapi?" Baba yake akamjibu kwamba hakuwaweka, kwa sababu wangekuwa wadogo mno, nao wangeuharibu unadhifu wa sitaha. Sote tulicheka. Lakini njiani tulipokuwa tukirudi, swali la mtoto lilitufuata, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Maana watu walikuwamo. Tarehe 24 Mei 1941, katika bahari iliyo kati ya Iceland na Greenland, Hood ilipigana na manowari ya Wajerumani iitwayo Bismarck. Ghala ya baruti ililipuka, meli ikakatika, na kwa muda wa dakika chache tu ikazama. Walikuwamo watu 1,418. Waliookoka ni watatu. Siku tatu baadaye Bismarck nayo ilizamishwa, na Wajerumani zaidi ya 2,000 wakafa.

Katika kipimo kile cha mia mbili, mtu mzima hana kimo kupita punje ya mpunga. Msomaji na aende ghalani kwake ahesabu punje 1,415. Ataona ya kuwa zote zaenea katika konzi moja, na mkono waweza kuzifumba usionekane hata mmoja wazi. Kisha na akumbuke kwamba kila punje ilikuwa na mama aliyengoja barua.

Hapa ndipo ilipo hatari ya mfano, nayo haimo katika plastiki wala katika rangi. Kitu kikipunguzwa, mtazamaji hukuzwa. Husimama juu ya mizinga iliyotetemesha bahari, akaona yote kwa mara moja, pasipo kelele, pasipo harufu ya mafuta, pasipo maji ya baridi. Na hivyo ndivyo vita vionekanavyo kwa wote walio mbali navyo: safi, vyenye mpango, vya kupendeza. Wazee walisema, Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fundi aliyekataa kudanganya katika kizuizi cha shaba, asiweke cha mwaka usio wake, amedanganya katika jambo lililo kubwa kupita yote, akiwasahau wenye meli.

Wala tusidhani kwamba kosa hilo ni la wageni tu. Huko Mombasa, penye Fort Jesus, pana mzinga wa manowari ya Wajerumani Königsberg, iliyoangamia katika mto Rufiji mwezi wa Julai 1915. Mizinga yake ilitolewa melini ikapelekwa bara, ikapigana katika nchi kavu. Watu huutazama, na watoto huushangaa. Lakini ni nani awezaye kuyataja majina ya wachukuzi wa vita vile? Walikuwa maelfu na maelfu, walichukua chakula na risasi vichwani mwao, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam limetokana nao, na wengi wanunuao ndizi pale hawajui. Chuma kimehifadhiwa, mabega yaliyochoka yamesahauliwa.

Basi jibu letu ni hili. Kuunda mfano wa manowari si dhambi, na ustadi uliomo si wa kudharauliwa. Lakini uaminifu ulioanza katika vitu vidogo haukukamilika mpaka umfikie mtu. Afanyaye mfano, na atazamaye, wamepaswa kuwa na hesabu mbili: hesabu ya vipande na hesabu ya roho. Asiye na hesabu ya pili amejifunza mbao za sitaha, naye hakujifunza meli.

Kuna jambo moja lililotupendeza. Mwaka 2015 kitu kilipandishwa kutoka vilindi ambamo Hood imelala. Hakikuwa mzinga, ambao ndio uliokuwa fahari yake; kilikuwa kengele. Alikuwa ametamani hivyo mmoja wa wale watatu waliookoka, ambaye alifariki mwaka 2008, asiione. Leo kengele hiyo imewekwa Portsmouth, iwe ukumbusho wa waliokufa.

Rafiki yetu naye hakuuvunja mfano wake, wala hatukumtaka auvunje. Tuliporudi kwake tuliukuta pale pale, rangi yake nzuri kama kwanza. Lakini mbele yake palikuwa na kisahani kidogo cha mpunga. Mwanawe ndiye aliyezihesabu punje, kwa siku tatu, akikosea na kuanza tena.

Nawe msomaji, ukiwa na mkuki wa babu yako ukutani, au picha ya askari katika sare yake, usiutupe. Mwite mwanao, umwambie jina la aliyeushika, na kama ulijulikana, umwambie pia jina la mtu aliyeuawa nao.