Maharagwe Yaliyoshiba



Masika iliyopita nilipanda maharagwe. Kwa vile mfuko ulikuwa na kitu, nikayatilia mbolea ya CAN bila kupima. Majani yakanawiri, nikajisifu. Mama mmoja jirani, niliyekuwa nikishiriki naye ibada ya nyumbani, alitia samadi kidogo tu. Kisha mvua kubwa ikanyesha siku kadhaa na kuiosha mbolea yangu. Maharagwe yangu yakageuka manjano, yake yakasimama imara.

Mama alichimbua mche wake pole pole, akaosha mizizi. Ilijaa vinundu vidogo. Akapasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa chekundu kama damu. Tukang'oa mche wangu, mizizi ilikuwa mitupu. Akacheka, "Mwanangu, yako yalishiba, hayakumwita mtu."

Afisa wa kilimo alinieleza vizuri. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Mharagwe ukiona njaa ya naitrojeni, mizizi yake hutoa kemikali udongoni, kama mtu anayeita. Bakteria waitwao raizobia huitikia kwa kemikali yao. Unywele wa mzizi hujikunja na kuwapa njia ya kuingia, kisha kinundu huota. Mmea huwalisha sukari, nao hugeuza naitrojeni ya hewa iwe chakula cha mmea. Lakini udongo ukijaa naitrojeni, mmea huota vinundu vichache sana. Kulisha bakteria ni gharama, mbona ugharamike na hujakosa kitu?

Swali hilo lilinikaa moyoni. Je, aliyeshiba bado anamhitaji ndugu?

Tangu nipate kazi nzuri, niliacha ibada ya nyumbani. Mpendwa mmoja alipolazwa, nilituma pesa kwa M-Pesa nikaona nimemaliza. Hata kumwona sikwenda. Nilijiita mtoaji, kumbe nilitaka kutoa bila kumfungulia mtu mlango. Kutoa ukiwa juu ni rahisi. Kukaa chini na watu, wakujue na wewe uwajue, hapo ndipo kuna gharama.

Mtu atasema, "Lakini tukipendana kwa sababu ya shida tu, hiyo si biashara?" Ni kweli, na hapo ndipo tunatofautiana na maharagwe. Mmea haujatenda dhambi, unapiga hesabu tu. Hufungua mlango ukibanwa na njaa. Mtu aliyeokoka anaweza kuufungua akiwa ameshiba. Paulo alipowaandikia Wagalatia juu ya kubebeana mizigo, hakuwaambia wenye shida peke yao.

Tena vinundu haviotí siku moja. Ukingoja majani yawe manjano ndiyo uanze kuita, umechelewa.

Alhamisi hii nitakuwa kwa ibada ya nyumbani kwa yule mama. Sina ombi lolote la kupeleka. Naenda tu kukaa na ndugu zangu.