Mtumbwi wa Petro na Peugeot ya Baba

Kuna bwana wa Nairobi anayelitaka gari langu, Peugeot 404 ya mwaka 1967, nyeupe ya rangi ya maziwa, gia kwenye usukani. Bei aliyoitaja inaweza kumnyamazisha mstaafu yeyote hapa Kiamunyi, Nakuru, na mimi nilinyamaza. Tangu siku hiyo nina swali lisiloniacha nilale: mtu anayekiri imani yake kila Jumapili ana ruhusa gani ya kupenda chuma kiasi hiki? Na nikiliuza, nitakuwa nimejivua kifungo, au nitakuwa nimeipa tamaa ya pesa joho la kwaya?

Kwa wasiolijua gari hili: 404 ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likachorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake imelazwa ubavu ili boneti ikae chini. Lakini watu wa huku hawakuipendea umbo. Waliipendea Safari Rally, enzi zile mashindano yakikimbiwa Pasaka na sisi watoto tukisimama kando ya barabara mpaka nyusi zinageuka nyeupe kwa vumbi. Nick Nowicki alishinda kwa 404 mwaka 1963, Bert Shankland wa Tanzania akashinda 1966 na 1967, kisha Nowicki tena 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Mengine yote yalilala njiani. Mkulima wa Molo akishaona hayo, umwambie nini tena? Baba alilinunua mkono wa pili kwa pesa za pareto, wakati pareto yetu ilikuwa ikitafutwa ulimwengu mzima. Alilibebea magunia, wagonjwa, maharusi, na siku moja ndama, kiti cha nyuma, kichwa nje ya dirisha.

Baba alipofariki, kuku walikuwa wakitagia ndani yake nyuma ya ghala. Nililivuta hadi kwangu Kiamunyi, na pensheni yangu ikaanza kupungua.

Yaliyofuata ni kazi ya fundi wangu, mzee wa jua kali asiyependa kuongea akiwa ameshika tochi ya kuchomelea. Alipogonga sakafu kwa bisibisi, bisibisi ilipenya ikatokea upande wa pili. Akaikata sakafu yote, akakunja bati jipya kwa mkono juu ya kipande cha reli, akipima kwa jicho, akigonga, akipima tena. Pointi za distribyuta aliziseti kwa kupitisha kipande cha kadi ya kukwangua katikati yake. Akisikia kadi inakwaruza kidogo tu, basi. Injini ilikuwa imekufa kabisa, tukapata nyingine kwenye pikapu iliyopata ajali upande wa Njoro. Milango miwili ilitoka kwa gari jingine. Viti vilishonwa upya na fundi viti mjini.

Plutarch, yule Mgiriki wa kale, aliandika kuhusu merikebu ya Theseus ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, mpaka wanafalsafa wakaanza kugombana kama bado ni ile ile. Mimi swali hilo nimelijibu kwa risiti. Nimezipanga mezani. Vilivyobaki vya Baba ni usukani, dashibodi, vishikio vya milango na kile kibati chenye namba ya gari. Kwa hiyo nikisema siwezi kuliuza kwa sababu ni kumbukumbu ya Baba, nasema nusu ya kweli, pengine robo. Ninachokipenda zaidi ni kazi iliyofanyika hapo uani, na kule kusikia majirani wakisema, "Mzee, hiyo mashine umeifufua." Sifa hiyo ni tamu. Ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko chuma chenyewe.

Mchungaji wetu alihubiri juu ya yule kijana tajiri aliyeambiwa auze vyote awape maskini, akaenda zake kwa huzuni. Alipokuwa akihubiri aliangalia upande wangu zaidi ya mara moja. Naye hulipanda gari hilo akiwa na harusi. Nilirudi nyumbani nikafungua Injili, na nilichokiona hakikuwa rahisi kama mahubiri. Kijana aliambiwa auze vyote. Zakayo hakuambiwa hivyo: yeye mwenyewe alitoa nusu ya mali, akaahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, na wokovu ukafika nyumbani kwake na nusu ya pili ikiwa bado mfukoni. Na Petro? Petro na nduguye waliacha nyavu wakafuata. Wana wa Zebedayo walimwacha baba yao mtumbwini pamoja na vibarua wake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtumbwi uliuzwa. Yohana, katika sura yake ya mwisho, anatuonyesha Petro na wenzake wamo mtumbwini tena, baada ya ufufuo, wakivua usiku kucha bila kupata kitu, na Bwana anawangoja ufuoni na samaki juu ya makaa. Mtumbwi ulikuwa bado upo na bado unafanya kazi.

Kwa hiyo swali la kuuza au kutouza si swali la kwanza. La kwanza ni kama kitu kinafanya kazi au kinakaliwa na kuangaliwa. Thomas Aquinas alifundisha kwamba mtu anaweza kumiliki mali, lakini katika kuitumia aione kama ya wote, awe tayari kumgawia mwenye shida. Waislamu wa pwani walilifikisha jambo hilo mbali kuliko sisi kwa njia ya wakfu: mali yenyewe imefungwa, haiuzwi wala hairithiwi, na manufaa yake yanatiririka kwa watu. 404 ya Baba ilikuwa karibu na wakfu bila yeye kujua. Yangu iko chini ya turubai. Hutoka kwa harusi, na hata siku ya harusi mimi huangalia viatu vya bibi arusi kwanza.

Mke wangu hakuhitaji Aquinas. Alisema, "Mzee, hilo gari lina paa lake na turubai lake. Mimi nina mtungi."

Wasioishi huku huenda wasielewe uzito wa maneno hayo. Maji ya visima vya Nakuru yana floraidi nyingi; iko kwenye mawe yenyewe ya Bonde la Ufa. Meno ya watoto waliokua wakiyanywa huwa na madoa ya kahawia, na mwenye bahati mbaya zaidi huharibika mifupa. Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilijulikana kwa vichujio vya mkaa wa mifupa kwa sababu hiyo hiyo. Maji ya mvua hayana shida hiyo, ila yanataka matangi makubwa, na matangi yanataka pesa. Wajukuu wetu wako hapa kila likizo.

Basi nitaliuza. Sitaliuza kwa bwana wa Nairobi, ingawa bei yake ndiyo kubwa. Anataka kulipeleka Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, jambo ambalo silidharau, nimewahi kwenda na nikafurahi. Lakini alisema litasafirishwa juu ya lori, lisiguse barabara. 404 ibebwe mgongoni kama mgonjwa! Hapo nilijua angenunua turubai langu pamoja na gari.

Jambo moja limeleta ubishi na mchungaji. Kwenye logbuku kuna jina langu tu, la fundi halipo popote, na sehemu kubwa ya thamani ya gari hili ilitoka mikononi mwake. Kwa hiyo fungu la kumi la mauzo linakwenda kwake. Mchungaji anasema fungu la kumi ni la kanisa. Nimemwomba asome Kumbukumbu la Torati, sura ya 14, aone lile la mwaka wa tatu liliwekwa wapi: ndani ya malango ya mji, Mlawi ale, na mgeni, na yatima, na mjane. Fundi wangu ni mjane na si mtu wa huku kwa asili. Mchungaji bado hajanijibu.

Gari liko tayari, betri mpya, breki zimekaguliwa. Anayelitaka aje Jumamosi asubuhi na fundi wake. Tutaliendesha pamoja kupitia Salgaa hadi Mau Summit, yeye akiwa kwenye usukani, turudi ndipo tuongee bei. Asiyekusudia kuliendesha asipoteze mafuta kuja Kiamunyi.