Je, Mtu Aweza Kuheshimiwa Peke Yake?

Mnajua ya kuwa mshahara wa mwalimu haukai mfukoni mwake. Siku aupokeapo huja ndugu mwenye kesi, shangazi mwenye mgonjwa, na mpwa atakaye karo. Pengine mwalimu hunung'unika moyoni, akajiuliza: Mtu aliyeinuliwa kidogo ana deni gani kwao waliobaki chini? Swali hili nataka kulipima kwa habari za mtu wa mbali, Albert Namatjira wa Australia.

Alizaliwa mwaka 1902 huko Hermannsburg, penye misheni ya Kilutheri katikati ya Australia. Yeye alikuwa wa kabila la Arrernte, wenyeji waliokaa nchi ile kabla Wazungu hawajafika. Misheni ilimfundisha kusoma, na alipokuwa kijana wazee wakamtia jandoni, wakamfunza mila za kwao. Mwaka 1936 alifuatana na mchoraji Mzungu, Rex Battarbee, akimtunzia ngamia na kumwonyesha njia milimani, naye akafundishwa kuchora kwa rangi za maji. Mwaka 1938 picha zake zilionyeshwa Melbourne, zikanunuliwa zote.

Wako waliosema, Huyu anawaiga Wazungu tu. Lakini tazameni alichokichora: mikaratusi yenye magome meupe, mabonde, na majabali mekundu ya nchi ya ukoo wake. Mgeni huona mahali pazuri pa kutazama. Yeye aliona urithi, maana katika nchi ile mlima una habari za wahenga, na jamaa zake walio wengi hushirikiana naye katika habari hizo. Basi hata fedha za picha aliwagawia jamaa, kama desturi yao iagizavyo.

Mwaka 1957 Serikali ilimpa Albert na mkewe Rubina haki za raia, ambazo wenyeji wengi wa jimbo lile walinyimwa. Hata watoto wao hawakupewa. Sasa yeye aliruhusiwa kununua pombe, bali kumpa nduguye ilikuwa kosa. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kosa hilo, akahukumiwa miezi sita. Alipokata rufani ikapunguzwa kuwa mitatu, akatumikia kama miwili. Akafa Agosti 1959.

Msomaji mmoja atasema, Pombe ni mbaya, naye alivunja sheria. Ni kweli, pombe imeharibu nyumba nyingi, wala siisifu. Lakini iweke kando, utazame sheria yenyewe. Ilimwambia mtu, Wewe ni mtu mzima, bali nduguyo na mwanao ni watoto wadogo. Heshima ya namna hii humtoa mtu kwao, wala haimpi kwao pengine.

Kwa hiyo naona hivi: kipawa cha Albert kilitoka kwa nchi na watu wake, na aliyetaka kumheshimu ilimpasa kuwaheshimu na hao. Nasi tuliosoma tujihadhari. Si kila ombi la ndugu ni la kukubaliwa, maana wako waombao kwa uvivu, na kukataa kwa upole si dhambi. Lakini tukiona haya kuitwa ndugu zao, tumejitungia wenyewe sheria ile iliyomfunga Albert. Basi mwisho wa mwezi, shangazi abishapo hodi, na tumkaribishe kwanza, ndipo tuhesabu fedha.