Mkono wa Mfalme

Mwisho wa Machi 1990, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alimwandikia Waziri Mkuu wake, Wilfried Martens, barua ngumu. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kulegeza marufuku ya kutoa mimba, na kilichobaki ni saini ya mfalme tu. Baudouin, Mkatoliki wa kweli kweli, akasema dhamiri yake imekataa. Akauliza: yaani uhuru wa dhamiri ni wa kila raia isipokuwa mfalme?

Swali zuri. Lakini kwanza tuone mamlaka yanakaa wapi. Katiba ya Ubelgiji inasema mamlaka ya utendaji ni ya mfalme. Hiyo ni karatasi. Soma mbele kidogo: hakuna tendo la mfalme lenye nguvu mpaka waziri naye atie saini, na waziri huyo ndiye atakayeulizwa. Mfalme haulizwi, kwa hivyo pia haamui. Kalamu ni yake, maneno ni ya wengine.

Sasa kalamu imegoma, utafanyaje? Mawaziri walichukua kifungu kinachohusu mfalme asiyeweza kutawala, kile ambacho ungedhani kiliwekwa kwa ajili ya mgonjwa mahututi. Wakatangaza kwamba Baudouin hawezi, wakaitia sheria saini wao wenyewe. Tarehe 5 Aprili Bunge likakutana na kumrudisha kitini.

Ni rahisi kucheka na kusema hiyo ni drama tupu. Kwani karani wa kawaida akikataa kugonga muhuri kwa sababu ya imani yake, si kesho anaitwa kwa bosi? Dhamiri ya mfalme ilimgharimu siku moja hivi. Hapo sina la kumtetea.

Ila kuna kitu nakiheshimu. Katika barua ile ile, aliomba itafutwe njia ambayo haitamlazimisha yeye na pia haitazuia kazi ya Bunge. Alijua tofauti kati ya "mimi sitafanya" na "nyinyi hamtafanya". Ya kwanza ni dhamiri. Ya pili, ikitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyempigia kura, ni ubabe.

Sisi pia tuliwahi kuwa na malkia. Kuanzia Desemba 12, 1963, kwa mwaka mzima, mkuu wa nchi ya Kenya huru alikuwa Elizabeth wa Pili, na Jomo Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Jamhuri ilipokuja, viti viwili vikawa kimoja: anayetia saini akawa pia ndiye anayeamua. Ndiyo maana Juni 2024, nchi nzima ilisubiri mkono wa mtu mmoja juu ya Mswada wa Fedha.

Mkono kama huo hauwezi kujificha nyuma ya dhamiri. Ukisaini ni wewe. Ukikataa, bado ni wewe.